Sakafu ya Fundi na Miguu ya Bosi

Nyinyi mnaorekodi watoto wenu wakitambaa halafu mnawarushia watu video ambazo hakuna aliyeziomba, mmetuchosha. Kweli kabisa. Mtoto wako ana miezi tisa na anasimama dede, hongera, sasa mpe maziwa alale. Mwenzako yuko kazini anakunywa chai yake na mkate, video inaingia, hamu ya kula inakatika hapohapo, anarudi nyumbani uso umemshuka kama mfiwa. Mnajua kilichofuata? Hamjui, maana mkisharusha mnaendelea na mambo yenu. Kilichofuata ni kwamba baba mmoja nusura apokonywe mwanawe.

Baba mwenyewe ni Fundi. Anashona nguo kwenye chumba chenye mlango wa bluu, katikati ya kinyozi na dada anayeuza vifuniko vya simu. Jina analo, lakini hata mke wake akimwita kutoka jikoni anasema "Fundi", basi, hilo limekwisha. Anashona sare za shule, anapanua suruali za wanaume walioota vitambi, na magauni ya wanawake wanaoapa kwamba wao hawajanenepa, kitambaa ndicho kimesinyaa. Mrefu, mwembamba kama kamba, futi ya kupimia inaning'inia shingoni kutwa, na pini zimebanwa midomoni. Ukisimama mbele yake akikupima huku anapiga soga, unaziangalia zile pini zinavyocheza unasema leo ndiyo leo, atazimeza. Hajawahi kumeza hata moja. Shida yake ilikuwa moja tu: zikianguka haokoti. Sakafu ilikuwa inametameta.

Wanaofanya kazi humo ni wawili. Yeye kwenye cherehani, na dada yake mkubwa, ambaye kila mtu anamwita Shangazi, kwenye meza ya kukatia. Halafu akaja wa tatu, ambaye hakuajiriwa na mtu. Mke wa Fundi anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Likizo yake ya uzazi ilipoisha, ikawa mtoto ataachwa wapi? Kule dukani ni vumbi la saruji na rangi, kichanga atakohoa mpaka azimie. Yaya hawakumpata wa kumwamini. Fundi akasema, "Mlete kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwangu. Kazini."

Mke wake akacheka. Kisha akamtazama usoni, akaona mwenzake hatanii.

Ndivyo binti yule alivyoanza kazi, akiwa hata shingo haijakaza. Shangazi akampa jina siku ya kwanza. "Huyu hafanyi chochote, anapiga kelele, sisi tunakimbia. Huyu ni nani kama si bosi?" Jina likaganda.

Sasa nikuambie kitu kuhusu Fundi. Mtu huyu hakujua chochote kuhusu watoto wachanga. Alichojua ni kitambaa, na mtoto wake alimjua kupitia kitambaa. Gauni la kwanza alilomshonea alilikata kama la mtu mzima, alilipunguza tu. Mwili ukaenea vizuri. Kichwa kikagoma. Akavuta huku, akavuta kule, Bosi akawa analia ndani ya gauni kama mtu aliyefungiwa chooni.

"We Fundi!" Shangazi kashika mbavu. "Umepima kiuno, umepima urefu, kichwa hukukiona? Mtoto mchanga ni kichwa na tumbo, hivyo vingine vinakuja baadaye!"

Kweli. Kichwa kilikuwa karibu robo ya mtoto mzima. Na mikono je? Ukimnyoosha mkono juu, haukufika utosini. Fundi alikaa akaustaajabia ule mkono mfupi asubuhi nzima, wateja wanasubiri. Kuanzia hapo kila gauni la Bosi likawa na vifungo begani, shingo ifunguke, kichwa kipite bila ugomvi. Na kila gauni aliliwekea pindo refu la ndani. Anashona Jumatatu, ukigeuka mtoto kalipita, anafungua pindo, anashusha. Ukigeuka tena, kalipita tena. "Huyu anakula uzi usiku," alikuwa anawaambia wateja, huku anajifanya analalamika. Uongo. Alikuwa anaringa.

Shingo nayo ilianza inalegalega kama kifungo kinachoning'inia kwenye uzi mmoja. Taratibu ikakaza. Kikaja kifua, akawa anajiinua kidogo juu ya viganja vyake pale mezani kwa Shangazi, anatazama mkasi ukikata. Halafu siku moja, bila kuaga, akajigeuza. Alikuwa kifudifudi, mara yuko chali, mara yuko ukingoni mwa meza, na Fundi aliruka kutoka kwenye cherehani akamdaka mguu. Mguu mmoja. Akamshika vile kichwa chini, Bosi anacheka, Shangazi ameketi chini na mkasi wake.

Kuanzia siku ile wakakubaliana: huyu hawekwi mezani tena.

Na sakafuni je? Sakafuni kuna pini. Tena pini ni hatari zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu vidole vya Bosi vilikuwa vimeshafungua macho. Mwanzoni alikuwa anakomba vitu kwa kiganja kizima kama anayechota mchanga. Sasa, kwa kukaa mapajani mwa watu wenye nyuzi kila mahali, alijifunza kutumia kidole gumba na cha shahada. Anakiona kipande cha uzi kwenye shati lako, kidogo kama unywele, ananyamaza, anakilenga, anakichomoa. Kisha mdomoni. Mtu wa namna hiyo humweki kwenye sakafu yenye pini.

Basi Bosi akalelewa juu. Asubuhi mgongoni kwa Shangazi. Mchana mapajani mwa Fundi, anatazama sindano ikipanda na kushuka mpaka usingizi unamchukua. Jioni kwenye kikapu kikubwa cha mabaki ya vitambaa, amezungushiwa vipande laini pande zote kama yai. Wateja wakija, "Nipe nimshike kidogo." Dada wa simu akipita, "Nipe na mimi." Kinyozi mwenyewe, mtu mzito yule, anakuja na aproni yenye nywele, "Lete bosi wangu." Mtoto akawa na starehe kuliko mtu yeyote mtaani. Kukaa akajua kukaa vizuri tu, amenyooka, shingo juu. Lakini kwenda? Aende wapi? Kila anachokitaka, kuna mtu wa kumpeleka.

Hapo ndipo video ikaingia.

Ilirushwa na mwenzake mke wa Fundi pale dukani, aliyejifungua wiki moja na yeye. Mtoto wake wa kiume anatambaa mbio chini ya viti, anashika kochi, anasimama dede, anapiga makofi, anaanguka, anacheka. Chini kaandika: "Wa kwako vipi, keshaanza?"

Jioni ile mke wa Fundi hakuvua hata viatu. Alimchukua Bosi kutoka mapajani mwa Fundi, akamlaza kifudifudi kitandani, akapiga magoti mbele yake akampungia funguo.

"Njoo. Njoo kwa mama. Njoo uchukue."

Bosi akaziangalia funguo. Akamwangalia mama yake. Akanyoosha mkono wote na kufungua na kufunga kiganja, vile anavyowafanyia watu kazini: lete.

"Unaona?" Mke wa Fundi akakaa kitandani. "Unaona hii? Mtoto anaingia mwezi wa kumi, hajui hata kusota. Anaagiza!"

"Si anajua kukaa? Vidole vyake hujaviona?"

"Sitaki vidole, nataka miguu! Kama kuna kitu kwenye nyonga? Kama mifupa haina nguvu? Wewe unajua nini?"

Fundi akaushika mguu mmoja wa Bosi, akauachia. Hakujua.

Mke wake akavuta pumzi, akasema jambo ambalo alikuwa ameshalizungumza na mama yake kwenye simu, ilionekana tu. "Mama anakuja mwisho wa mwezi. Kwake kuna uwanja, nyasi, hamna pini wala mashine. Bosi asiposogea kabla hajafika, anaondoka naye. Mpaka atakapotembea."

"Mpaka atakapotembea? Hiyo si inafika hata mwaka?"

"Iwe hata miwili."

Fundi alienda kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Tuelewane: mwanamke huyu hakuwa mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ikishakaa tumboni kwa mzazi haina adabu. Kesho yake akaomba ruhusa, wakaenda kliniki wote watatu. Nesi alikuwa mama mnene wa sauti ya chini, mikono yake ya moto. Akamvua Bosi nguo, akamkunjua nyonga, akamkunja magoti, akamsimamisha juu ya meza huku kamshika kwapani. Miguu ikakaza, ikasukuma, ikaruka ruka. Akampa kitu kidogo, Bosi akakichukua kwa ncha za vidole.

"Mtoto mzima huyu," nesi akasema. "Mchana anakaa wapi?"

"Kazini kwangu," Fundi akasema. "Mgongoni. Mapajani. Kwenye kikapu."

"Na sakafuni?"

Mke wa Fundi akamgeukia mumewe.

"Sakafuni kuna pini," Fundi akasema polepole, kama mwanafunzi.

"Hajawahi kuwekwa sakafuni?"

"Pini, nesi..."

Nesi akacheka mpaka meza ikatikisika. "Baba, miguu anayo. Mahali pa kuitumia ndipo hana. Misuli ya mabega na ya tumbo inakomaa kwa kusukuma chini, akiwa kifudifudi, akilia kidogo na kukasirika. Kila mtoto na siku yake, wengine hata hawatambai, wanasota kwa makalio, mara wanasimama. Lakini mpe sakafu. Akifikisha mwaka hajasogea kabisa, mrudishe kwangu tumwangalie tena. Sawa?"

Ungedhani mambo yameisha. Mke wa Fundi moyo ulitulia nusu, ile nusu nyingine ilikuwa bado ina mama yake na tarehe yake. Na Fundi je? Fundi alitoka pale anatembea kwa furaha kama kapewa zabuni ya sare za shule nzima. Mpe sakafu! Akaenda moja kwa moja kazini na kufanya jambo ambalo mshona nguo pekee ndiye angelifanya. Akashona.

Alishona godoro. Sponji nene, kitambaa cha pamba juu, mistari ya mshono ya mraba mraba, pindo la rangi ya chungwa pembeni. Akaona haitoshi, maana saruji ni ngumu kwa magoti. Akashona na suruali, magoti yamejazwa tabaka juu ya tabaka, na makalio pia, asije akaumia akianguka. Shangazi alitaka kusema kitu akanyamaza, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri mno. Mteja mmoja aliuliza kama anauza.

Wakamlaza Bosi katikati. Bosi akazama. Sponji ilimpokea kama uji mzito unavyopokea kijiko, akisukuma mkono unazama, akisukuma goti suruali inakataa kukunjika. Alikaa pale miguu imechanua kama mto wa kochi ulioota kichwa. Akajaribu, akanuna, akalala.

Siku ya pili vilevile. Ya tatu, Fundi akaongeza sponji.

"Fundi, mdogo wangu," Shangazi akasema hatimaye, na mkasi kauweka chini, ujue hapo ni maneno mazito. "Nesi kakwambia mpe sakafu. Umempa kitanda."

"Akiumia?"

"Akiumia atalia."

"Na pini?"

"Pini za nani? Si zako?"

Fundi akakaa. Mwisho wa mwezi ulikuwa mlangoni, mama mkwe keshakata tiketi. Akazitema pini zilizokuwa mdomoni, moja moja, kwenye kopo. Akafunga kopo. Akaenda kwa kinyozi kuazima ile sumaku kubwa aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akapiga magoti kwenye sakafu yake mwenyewe akaiburuta chini ya kila mashine, kwenye kila pembe, kwenye ufa wa mlango. Ile sumaku ilikuwa inaota manyoya. Akaifuta, akaburuta tena. Kisha akafagia, akapiga deki, akavua viatu, akatembea peku chumba kizima akisikiliza nyayo zake. Kuanzia siku ile nguo akawa anazishikiza kwa uzi kabla ya kuzishona. Kazi ya kuchosha, mara mbili ya kubana pini. Wateja wakaanza kununa.

Bosi akavuliwa ile suruali. Nepi tu na magoti yake. Akawekwa kifudifudi kwenye saruji baridi, akashtuka, akalia kilio ambacho kilimtoa dada wa simu mbio dukani kwake. Fundi alishika meza kwa mikono miwili asiende kumwinua. Siku ya kwanza ni kilio. Iliyofuata ni kilio na kusukuma. Baadaye kusukuma na kuguna, kama fundi makanika chini ya gari. Kifua kikaanza kupanda. Lakini magoti hayakuenda popote, na mama mkwe akawa keshafika.

Aliingia Jumamosi na mke wa Fundi, begi mkononi, mtandio mzuri umebanwa begani. Ni mama mwenye mwendo wa haraka na maneno yasiyozunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi mjukuu wangu?"

"Huyo hapo chini."

Mama mkwe akatazama chini. Bosi kifudifudi, uchi na nepi yake, anamtazama bibi yake, hasa begi la bibi yake, maana lina zipu inayong'aa.

"Basi mwacheni tumwone," mama mkwe akasema, akaliweka begi sakafuni mbele yake.

Bosi akalitaka lile begi kwa roho yake yote. Alifungua kiganja: lete. Hakuna aliyesogea. Akafungua tena. Fundi alikuwa amejiuma mdomo, ule ambao siku hizi hauna pini. Bosi akakasirika. Akaweka viganja vyote viwili kwenye saruji, akakaza mabega, akasukuma kwa nguvu zake zote.

Akarudi nyuma.

Akaliangalia begi. Limekwenda mbali! Akapiga yowe, akasukuma tena, akateleza nyuma tena, begi likazidi kukimbia. Kadiri alivyolitaka ndivyo alivyoliacha, anateleza kinyumenyume huku anatukana kwa lugha yake, mpaka akaingia chini ya meza ya kukatia, miguu kwanza.

"Anarudi nyuma," mama mkwe akasema.

"Anakwenda, mama," Fundi akasema. "Usukani tu ndio hajauzoea."

Mke wa Fundi alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Na walipoinama wote kumtazama kule chini ya meza, Bosi alikuwa amenyamaza. Alikuwa ameona kitu. Analenga. Kidole gumba, kidole cha shahada. Kikainuka, kinang'aa.

Pini.

Mama mkwe akajishika begani. Mtandio ulikuwa unaning'inia, pini yake imedondoka alipoinama. "Mungu wangu, ni yangu! Mnyang'anyeni!"

Mke wa Fundi akarusha mkono. "Usimvute!" Fundi akasema, kwa sauti ndogo kabisa. "Akivutwa anakaza." Alikuwa keshalala kifudifudi kwenye saruji, shavu chini, uso kwa uso na binti yake. Hakuitazama pini. Alichukua roli la uzi jekundu akalibiringisha taratibu mbele yake, akawa kama hana habari na mtu. "Bosi. Mzigo wako umefika huu."

Bosi akaliangalia lile roli. Akaiangalia pini. Mkono wake ulikuwa unaelekea mdomoni, ukasimama njiani. Roli ni kubwa, jekundu, halishikiki kwa vidole viwili. Akafungua mkono. Pini ikalia *ti* kwenye saruji na Fundi akaifunika kwa kiganja.

Bosi akalipeleka roli mdomoni. Kisha mama mkwe akakaa kwenye kiti cha wateja. Akamtazama mkwe wake pale chini, shati limejaa vumbi, roli la uzi linaliwa na mtoto, na yeye bado kalala, hana haraka ya kuinuka.

"Mimi nilikuwa nimvute," akasema. "Ningemvuta mimi."

"Hata mimi, mama," mke wa Fundi akasema.

Mama mkwe akalivuta begi lake, akalifungua, akatoa vinguo alivyokuja navyo vya kumsafirishia mtoto. Akampa Shangazi. "Vitunzeni humuhumu. Huyu mtoto anamsoma baba yake, na baba naye kamsoma. Nikamtenganishe naye niende nikamwekee nyasi?" Akageukia binti yake. "Ulisema asogee. Si kasogea?"

"Kasogea, mama."

"Basi."

Fundi hakuinua uso kwenye saruji. Mabega yalikuwa yanacheza, na Shangazi, anayemjua tangu naye alipokuwa anatambaa, akajifanya anatafuta chaki.

Bosi alirudi nyuma wiki mbili zaidi, halafu asubuhi moja akagundua gia ya mbele, na tangu hapo chumba kile hakina amani. Yuko chini ya pedali, yuko kwenye kikapu, yuko mlangoni anataka kwenda kwa kinyozi. Juzi kashika mguu wa mteja akasimama dede, na mteja hakuthubutu kuhema mpaka Bosi alipochoka mwenyewe.

Kwa hiyo, wewe mwenye gauni la kupunguzwa au suruali ya kupanuliwa, nakuomba. Ukifika mlango wa bluu vua viatu, jipekue mtandio na pindo, acha pini zako zote kwenye kopo lililo nje, kisha ingia ukiangalia chini. Na Fundi akikwambia nguo haijawa tayari kwa sababu siku hizi anashikiza kwa uzi, usimfokee. Rudi wiki ijayo.